Nukta Chini ya Sahihi

Siku hospitali yetu ilipogundua kwamba wauguzi wana akili, tuliitwa ukumbini tukagawiwa maji ya chupa.

Ugunduzi wenyewe aliuleta mshauri mmoja mwenye viatu vya ncha kali, mtu ambaye ukimkabidhi chombo cha haja cha mgonjwa angekitilia maua. Alituonyesha ukutani picha ya ngazi. Chini ya ngazi alisimama muuguzi amebeba trei. Katikati yupo yuleyule, trei kaishika kwa mkono mmoja. Juu kabisa trei imetoweka, ana kalamu, na anacheka peke yake. "Muuguzi wa jana alitekeleza," mshauri akasema. "Muuguzi wa leo anaamua." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na metroni, mkuu wa wauguzi wote pale kwetu, nikamtupia jicho nione kama naye amesikia. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye chupa ya maji.

Nina miaka ishirini na sita kwenye wodi ya upasuaji, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa msimamizi wake. Vitanda thelathini, feni nne, mbili ndizo zinazozunguka. Nimeona madaktari wakiingia na nywele wakatoka na upara. Kwa hiyo nilipoambiwa na mtu wa viatu vya ncha kwamba kuanzia sasa nitaanza kuamua, nilicheka kwa pua.

Kicheko kilinikauka kwenye picha iliyofuata. Kila wodi, mshauri akaeleza, itapata Muuguzi Mwandamizi wa Maamuzi. Huyo ataandika dawa, atasimamisha dawa, ataagiza vipimo, na atatia sahihi yake mwenyewe bila kumsubiri daktari. Msimamizi wa wodi ambaye hatafuzu usaili atahamishiwa Uratibu wa Mtiririko wa Wagonjwa. Nilikwenda kuuona huo mtiririko. Ni chumba kando ya stoo ya mashuka, kina meza, simu na kompyuta, na kazi yake ni kuhesabu vitanda vilivyo wazi. Mgonjwa haingii humo hata kwa kupotea njia. Nilisimama mlangoni nikaogopa, na nasema hivyo bila haya. Ama nipate sahihi, ama wanitoe vitandani mwa wagonjwa niliowazoea kuliko wanangu.

Hapa lazima nieleze jinsi kazi inavyokwenda kweli, maana kwenye ngazi ya mshauri haikuwemo.

Kwa kanuni, daktari anaamua na kutia sahihi, muuguzi anafanya. Kwa ukweli, daktari wa mafunzo anakuja wodini na miaka sita ya vitabu na saa mbili za usingizi, na mtu wa namna hiyo anaweza kuandika lolote. Hatumwambii amekosea. Daktari akiambiwa amekosea mbele ya mgonjwa huvimba, na akishavimba hasikii. Sisi tunamkumbusha alichosema. "Daktari, ulisema nusu ya dozi, siyo?" Hajasema kitu kama hicho. Naye atasita, ataitazama karatasi, atakohoa, kisha atasema, "Ndiyo, nilisema nusu." Atakata, ataandika upya, atatia sahihi, ataondoka na hadhi yake nzima.

Akishaondoka, muuguzi anaweka nukta moja chini ya herufi ya mwisho ya ile sahihi, ndogo kama kichwa cha pini. Na hata agizo likiwa sawa tangu mwanzo, tukishalisoma tukaridhika tunaliwekea nukta. Zamu inayofuata ikiiona inajua agizo limepita kwenye macho yetu, inatoa dawa. Isipoiona inasimama kwanza, inalisoma upya, na ikibidi inamtafuta daktari ikamkumbushe alichosema. Wodi yetu inaendeshwa kwa nukta. Hazijaandikwa kwenye mwongozo wowote. Mimi nilifundishwa na msimamizi aliyenitangulia, ambaye ndiye metroni wa leo, na ambaye tangu apande cheo hajawahi kuzitaja tena. Madaktari wanadhani kalamu zetu zinavuja. Mmoja aliwahi kulalamika stoo, tukaletewa kalamu mpya boksi zima, na nukta zikaendelea.

Nilijivunia ujanja huo. Nilikuwa nikipita kwenye rafu ya mafaili najiona kama mwenye nyumba anayepita kwenye vyumba vyake, hata kama hati zote zina majina ya wengine.

Mwongozo wa usaili ulikuwa na kurasa arobaini na mbili. Aliyeusoma wote ni Digrii, muuguzi mwenzetu mwenye miaka mitatu kazini. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuja na shahada ya uuguzi, na kwa sababu hakutuachia nafasi ya kuisahau. Nilipomfundisha nukta mara ya kwanza aliniuliza kwa nini tusiandike tu kwenye faili kwamba muuguzi ameshauri.

"Andika," nilimwambia. "Halafu uandike na barua yako ya uhamisho, nizipitishe zote kwa pamoja."

Akajifunza. Mwanzoni nukta zake zilikuwa kubwa kama kunguni, nikamwambia apunguze, tunaweka alama, hatupigi muhuri.

Sasa alikuwa ameukunjua mwongozo juu ya meza ya wauguzi ananisomea. "Mwombaji ataleta kitabu cha ushahidi chenye maamuzi thelathini ya kitabibu aliyoyafanya mwenyewe, kila mmoja ukithibitishwa kwa sahihi ya daktari." Akainua macho. "Sista, hapo mbona umeshapita? Wewe si unayo hata elfu?"

"Ninayo."

"Yako wapi?"

Nikamwonyesha rafu. Aliitazama, akanitazama mimi, akaelewa. Sahihi za madaktari zilikuwepo, za kutosha kupiga ukuta rangi. Zilithibitisha kwamba wameamua wao.

Nilichagua maamuzi thelathini hata hivyo, nikayaandika kwa mwandiko mzuri, nikaenda kwa mkuu wa idara ya upasuaji. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa usaili, na kumi na tisa kati ya maamuzi yale yalikuwa chini ya sahihi yake. Wauguzi wa zamani tunamwita Daktari Kijasho, si mbele yake. Alikuja kwetu miaka kumi na minane iliyopita akiwa wa mafunzo, shati limeganda mgongoni tangu asubuhi. Wiki yake ya kwanza aliandika potasiamu ipigwe moja kwa moja kwenye mshipa. Potasiamu ikipigwa hivyo, moyo unasimama. "Daktari," nilimwambia, "ulisema tuichanganye kwenye dripu ya lita moja ishuke taratibu, siyo?" Alinitazama, jasho likamtiririka mpaka kidevuni. "Ndiyo," akasema. "Taratibu." Yule mgonjwa alitoka kwa miguu yake, na nasikia amekuwa babu.

Sasa ofisi yake ina kiyoyozi. Aliyasoma makaratasi yangu yote, pole pole, kwa heshima.

"Sista, hapa pana sahihi yangu," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa hiyo aliyeamua ni mimi."

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Sasa na wapi kwingine tunaamua, kama si kwenye karatasi?"

Nikamtajia ile potasiamu. Akachukua kitambaa mfukoni akajifuta paji la uso, na kiyoyozi kinanguruma juu yake.

"Nisikilize, Sista wangu," akasema. "Nikithibitisha kwamba uliamua wewe, maana yake umeagiza dawa bila mamlaka miaka ishirini na sita. Utamwaga unga kabla hujapanda cheo. Mimi hapa nakulinda."

"Kwa hiyo kama nilikuwa naamua, nina kosa. Na kama sikuwa naamua, sifai."

"Usilichukulie hivyo. Ile kazi ya mtiririko ni tulivu. Umechoka, umesimama sana. Kule utakaa."

Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na alifanya hivyo kwa sauti ya upole ambayo mimi ndiye niliyemfundisha kuwasemesha ndugu wa wagonjwa. Nilikusanya makaratasi yangu nikatoka. Kwenye ngazi nilijikuta nimeyakunja mpaka yamekuwa kama bandeji.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amesharudi. Yeye ni mwalimu wa udereva. Mama yake, ambaye tunaishi naye na ambaye nimemchoma sindano zake za sukari kwa miaka saba, aliposikia nina usaili aliweka kijiko chini.

"Miaka yote hiyo bado hujafuzu?" akaniuliza. "Na mimi ulikuwa unanichoma tu?"

"Mama, amefuzu," mume wangu akasema. "Wanataka cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa anajua alichokuwa anajua."

Mama mkwe akanitazama kwa mashaka, akavuta mkono wa blauzi yake chini.

Nikawaeleza yote. Mume wangu alisikiliza huku anatafuna. Gari lake la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, miguuni kwake. Mwanafunzi akizubaa, yeye anakanyaga kidogo, gari linapungua mwendo, na mwanafunzi anadhani amepunguza yeye.

"Siku ya leseni nani ananitaja?" akasema. "Wanapiga picha na gari. Mimi nimesimama nyuma nashika funguo."

"Na hukasiriki?"

"Nakasirika. Lakini mimi kesho nampakia mwingine. Wewe wanakushusha kwenye gari." Akanywa maji. "Ila wapo wanafunzi wawili watatu ambao mguu wangu waliuona. Hawasemi, lakini nikikaa vibaya wanageuka kunitazama. Huyo daktari wako, una hakika hajawahi kuuona mguu wako?"

Nilitaka kumjibu kwamba hajawahi. Kisha nikakumbuka kitanda cha nane, na chakula kikanishinda.

Miaka minne iliyopita mama yake Kijasho alilazwa kwetu, afanyiwe upasuaji wa nyongo. Bibi mwembamba, mcheshi, mwenye sukari. Mtoto haruhusiwi kumtibu mzazi wake, kwa hiyo maagizo aliandika daktari mwenzake, bingwa kama yeye. Asubuhi ya upasuaji Kijasho alikuja mapema, akachukua faili pale miguuni mwa kitanda. Mwenzake alikuwa ameandika insulini iendelee kama kawaida, na bibi hajala tangu jana yake kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Insulini nzima kwenye tumbo tupu ingemzimisha kabla ya kisu kumgusa. Kijasho hakulisoma agizo, nilimwona. Kwanza aliweka kidole chini ya sahihi ya mwenzake, kwenye herufi ya mwisho, akakisogeza kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakuona kitu. Akanigeukia, faili mkononi. "Sista," akasema, "hii bado." Nikalichukua, nikalisoma, nikaenda kumkumbusha bingwa alichosema. Wakati ule nilidhani mwana ana wasiwasi wa mama yake. Yaliishia hapo, na mama akapona.

"Basi anaujua," mume wangu akasema nilipomsimulia.

Usaili ulifanyika chumba cha mikutano, saa nne asubuhi. Upande wa pili wa meza walikaa watatu: Kijasho katikati, metroni kushoto, mshauri kulia na kompyuta yake. Kitabu changu cha ushahidi kilikuwa mbele yao, mistari thelathini imejaa upande wangu, na upande wa daktari ni mweupe.

Mshauri aliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia, wodini, kama nitaachwa. Akaniuliza mabadiliko yananipa hisia gani. Nikamwambia yananipa njaa, maana nimetoka zamu bila kula. Aliandika yote mawili. Kisha akafungua kitabu, akakipekua mpaka mwisho, akasikitika kweli.

"Mwombaji hana uamuzi hata mmoja uliothibitishwa," akasema. "Kwa mfumo wetu, hiyo ni sifuri."

Ishirini na sita ikawa sifuri pale mezani, mbele ya sahani ya biskuti. Nilijua nikilia watasema ndiyo maana hatuwapi maamuzi, kwa hiyo nikajikaza kisabuni.

"Naomba kumuuliza mwenyekiti swali moja," nikasema.

"Maswali ya mwombaji yako ukurasa wa mwisho," mshauri akasema, akipekua.

"Daktari, mama alipokuwa kitanda cha nane, asubuhi ya upasuaji, uliweka kidole chini ya sahihi ya daktari mwenzako. Ulikuwa unatafuta nini?"

Angeweza kusema anatafuta tarehe. Angeweza kusema hakumbuki, na wenzake wawili wangeandika kwamba hakumbuki. Nilimwona akiyapima majibu yote mawili. Jasho lilianza juu ya mdomo, likapanda kwenye paji la uso, na akawa tena yule wa mafunzo mwenye shati lililoganda.

Aliyesema kwanza ni metroni, ambaye nilikuwa nimeshamkatia tamaa. "Mjibu, Daktari," akasema, macho bado kwenye karatasi zake. "Nami nataka kusikia. Chini ya sahihi zako za wiki ya kwanza, nyingine ni zangu."

Kijasho akajifuta uso kwa kiganja.

"Nukta," akasema. "Nilikuwa naitafuta nukta."

"Nukta ni mfumo wa kampuni gani?" mshauri akauliza, vidole tayari.

Kijasho alikivuta kitabu changu, akafungua kalamu yake nzuri, akaanza kutia sahihi. Alitia zote thelathini, mstari kwa mstari, yake na ya wenzake, na hakusoma hata mmoja. Kwa hilo hakuwa amebadilika.

Nikafuzu. Hospitali ilifanya sherehe fupi kwenye varanda ya jengo la utawala. Mkurugenzi alisema leo taasisi yetu imezaa jukumu jipya. Nilitazama mtoto huyo mpya, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, akivishwa sare ya buluu na beji yenye maneno manne. Tulipigwa picha. Mshauri aliniomba nishike kalamu juu, kama yule wa kwenye ngazi, na nicheke. Nilicheka. Najua kilemba cha ukoka nikikiona, lakini nitasema ukweli, kilinikaa vizuri. Usiku ule nilijaza nyuma ya bahasha nne nikifanyia mazoezi sahihi yangu. Niliipa mkia mrefu unaozunguka chini na kurudi.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mtu. Nilizunguka vitandani asubuhi na wafuasi wawili nyuma yangu. Dawa niliandika nimesimama, kwa maana nilikuwa na kikao. Vikao sikuwahi kujua ni vingi hivyo. Kila aliyeondolewa trei amepewa kikao mahali pake. Mshauri alinitaja kwenye barua zake kama mfano hai. Wauguzi wenzangu waliniita Sista kama zamani, ila walianza kusogea pembeni kidogo nikipita kwenye korido, na mimi nikaona ni heshima. Mume wangu aliniambia siku moja kwamba nimeanza kumsemesha kwa orodha. Nikamjibu kwamba hilo tutalijadili, kwanza, baada ya chakula.

Kisha ikaja asubuhi ya kitanda cha nne.

Alikuwa mzee mmoja fundi seremala, siku ya pili baada ya upasuaji wa ngiri. Alikuwa anaugulia chini chini, kwa aibu ya watu waliozoea kujiumiza kwa nyundo bila kusema. Nilimwonea huruma kwa haraka, maana nilikuwa na dakika tano kabla ya Kamati ya Mabadiliko. Nikaandika diklofenaki ya maumivu, sindano, mara mbili kwa siku. Nikatia sahihi, mkia ukazunguka ukarudi. Nikampa Digrii faili nikaanza kuondoka.

Hakupisha. Alisimama na toroli yake ya dawa katikati ya njia, faili mkononi, uso umetulia.

"Sista," akasema, "ulisema tusubiri majibu ya figo kwanza, siyo?"

Sikuwa nimesema kitu. Majibu ya figo yalikuwa yamekuja jana mchana, yamekunjwa nyuma ya faili, mahali ambapo zamani ningetazama kabla ya kutazama uso wa mgonjwa. Moto ulinipanda shingoni. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, kuanzia miaka yake mitatu mpaka shahada yake. Mzee wa kitanda cha nne alikuwa anatutazama, huyu kisha huyu. Nikakohoa.

"Ndiyo," nikasikia sauti yangu inasema. "Nilisema tusubiri."

Niliyafungua majibu hapohapo. Figo za yule mzee zilikuwa zimechoka kabisa. Sindano yangu mara mbili kwa siku ingezimaliza. Nikakata, nikaandika dawa nyingine, nikatia sahihi ndogo isiyo na mkia, nikaenda kwenye kikao changu.

Kikaoni sikusikia neno. Mwanzo nilikuwa na hasira. Nani amempa ruhusa ya kunifundisha kazi mbele ya mgonjwa? Halafu nikaona kwamba hakunifundisha wala hakunitia aibu. Alinifanyia kama tunavyowafanyia watu tusiowaamini, kwa adabu ileile, kwa maneno yaleyale, na maneno hayo amejifunza kwangu. Hiyo iliniuma kuliko angenitukana. Nilimkumbuka Kijasho na shati lake, na kwa mara ya kwanza nikajua joto lile linatoka wapi.

Nilitoka kikao hakijaisha. Wodini Digrii alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilichukua faili la kitanda cha nne nikaweka kidole chini ya sahihi yangu mpya. Nukta ilikuwepo. Ndogo, safi, kama kichwa cha pini. Alikuwa ameshaacha kupiga kunguni. Nikachukua la tano. Ilikuwepo, imejificha ndani ya mkia. La sita, la saba, la nane. Nikaingia stoo nikatoa mafaili ya mwezi uliopita na wa kabla yake, mpaka lile la siku ya picha, agizo langu la kwanza kabisa, dawa ya kichefuchefu tu. Nukta. Miezi mitatu mizima waliyasoma maagizo yangu yote nyuma ya mgongo wangu, na sikuwahi kuona, kwa sababu anayetia sahihi hageuki kuitazama.

Nilisimama kati ya yale mafaili nikaona haya. Kisha nikaona kitu kingine ambacho sikukitarajia, nacho ni kwamba pumzi imenishuka. Niliyarudisha nikaendelea na ya leo, kitanda kwa kitanda, kidole chini ya mkia.

La kitanda cha ishirini na mbili halikuwa na nukta. Agizo nililiandika asubuhi ile ile, nimesimama. Chini ya sahihi palikuwa peupe.

Digrii alirudi anafuta mikono. Aliniona, akaona faili nililoshika, na hatua zake zikapungua.

"Sista," akasema polepole, "hiyo ya ishirini na mbili nilikuwa naja kukukumbu–"

"Najua," nikamwambia. "Hii bado."

Nikavuta kiti cha ndugu wa mgonjwa, nikakaa, kwa mara ya kwanza tangu nipewe sahihi, nikaanza kulisoma faili toka mstari wa juu.